Mwombaji Hakufika

Mashine ilisema sifuri, na msajili akafurahi.

"Umeona?" akamwambia yule binti wa utafiti. "Miaka sita, mashauri yote ya kufilisika, na hakuna hata mtu mmoja aliyefungua bila wakili. Watu wetu wanajua haki zao."

Binti alikuwa ametoka chuo kikuu na barua yenye mihuri miwili. Alitaka kitu kimoja tu: orodha ya watu waliokuja mahakamani wenyewe, bila wakili, kuomba watangazwe mufilisi, ili ajue yaliwapata yapi. Ile sifuri haikumfurahisha. Alikitazama kioo cha mashine, kisha akanitazama mimi niliyekaa nyuma ya kaunta na miwani yangu puani.

"Shangazi, kweli hakuna?"

Mimi ndiye karani wa masjala, dawati la ufilisi, na huu ni mwaka wangu wa ishirini na tisa. Kila aliyefilisika katika mji huu amepita mbele ya pua yangu. Wenye mawakili hawaji wenyewe, hutuma mtu na bahasha. Wanaokuja wenyewe ni wale wasio na mtu wa kumtuma, wameshika mfuko wa plastiki na karatasi zilizokunjwa mara nne, na wanaongea chinichini kana kwamba wamekuja kukiri wizi. Nimewasomea fomu, nimewaazima kalamu ambazo hazikurudi, na nimewafokea sana, kwa sababu foleni haina huruma na mimi sina subira. Kwa hiyo ile sifuri niliijua kuwa ni uongo mara ilipotokea. Nilijua pia aliyeusema uongo huo.

"Njoo keshokutwa," nikamwambia binti. "Hii mashine ina mambo yake."

Mashine ililetwa miaka sita iliyopita. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alikuwa na haraka ya kwenda kufundisha kwingine. Alituonyesha kwamba kila shauri lina visanduku kumi na viwili na vyote lazima vijazwe. Kisanduku cha saba ni namba ya wakili. Nikamuuliza, na asiye na wakili je? Akasema hilo watalirekebisha. Mpaka leo wanalirekebisha.

Kesho yake tu akaja mama mmoja muuza vitambaa, peke yake. Nikaacha kisanduku wazi, mashine ikagoma. Nikaandika "hana", ikagoma. Nikaweka sifuri nne, ikanililia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Foleni ilikuwa imefika mlangoni na watu wameanza kuguna. Ndipo nikamkumbuka Wakili Suti.

Huyu alikuwa na suti moja ya kahawia, miaka nenda miaka rudi, na alikuwa akikaa kwenye benchi la korido akiwaandikia watu hati zao bila kudai hata senti. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Namba yake niliijua kwa kichwa, 0417, maana alikuwa akiitaja kwa sauti kama mtu anayetaja ukoo wake. Nikaiandika, mashine ikakubali bila kinyongo. Nikasema moyoni, mzee wangu, ulipokuwa hai hukumkatalia mtu, na leo hutakataa. Tangu siku hiyo kila asiye na wakili nilimpa marehemu. Sikuona ubaya wowote, na sikumwambia mtu.

Siku zile wito wa mahakama ulipelekwa kwa mkono, mpaka nyumbani kwa mwombaji. Miaka mitatu baadaye ukaja waraka kwamba kuanzia sasa wito utatumwa na mashine yenyewe, kwa ujumbe wa simu, kwenda kwa wakili wa mwombaji. Waraka huo niliusoma. Nilitia sahihi kwamba nimeusoma. Kisha nikautundika kwenye msumari pamoja na wenzake, nikarudia chai yangu.

Siku ile ya binti, saa tisa na nusu, dirisha lilipofungwa, nikaitafuta 0417 kwenye mashine. Marehemu alikuwa na mashauri mia moja sitini na matatu. Hakuna wakili aliye hai katika mji huu mwenye kazi nyingi hivyo.

Nikasoma kuanzia juu. Miaka mitatu ya mwanzo ilikuwa kama maisha yalivyo: huyu amekubaliwa, huyu amekataliwa, hawa wamepatana na wadai wao. Halafu, kuanzia mwezi wa ule waraka, safu ya mwisho ikaanza kurudia maneno yale yale. Limeondolewa, mwombaji hakufika. Limeondolewa, mwombaji hakufika. Nikahesabu kwa penseli, nikahesabu tena kwa kidole. Kati ya mashauri themanini na manne, sabini na tisa yalikuwa yameondolewa hivyo. Watano waliosalia, nadhani, ni bahati tu iliyowaleta mahakamani siku yenyewe.

Asiyewahi kufilisika huenda asione uzito wa jambo hili. Mtu akifungua shauri la kufilisika hupewa zuio, yaani wadai wake hawaruhusiwi kumgusa, wala nyumba yake, wala kitanda chake, mpaka jaji amsikilize. Shauri likiondolewa, zuio nalo linakufa saa ile ile. Watu sabini na tisa walikuwa wamekaa majumbani kwao wakiamini wana ukuta, na ukuta niliubomoa mimi.

Jina la sitini na moja lilikuwa la Fundi.

Fundi anashona makochi. Alikuja dirishani kwangu karibu miaka miwili iliyopita. Hoteli moja ilikuwa imempa kazi ya viti mia mbili na arobaini, akakopa benki kwa dhamana ya nyumba yake, akanunua mbao, sponji na vitambaa, akavishona vyote. Hoteli ikafungwa kabla ya kumlipa, na viti vyake vikabaki ndani, nyuma ya kufuli la watu wengine. Fomu yake nilimjazia mwenyewe. Tulipofika kwenye orodha ya wadai tuligombana, kwa sababu alikuwa amekopa pia kwa dada yake na hakutaka kumwandika.

"Dada yangu si mdai," akasema. "Ni dada yangu."

"Kaka, sheria haijui dada. Andika."

Akaandika, lakini kwa herufi ndogo sana.

Tangu hapo alikuja kila siku ya mwisho ya mwezi, hakukosa. "Dada, hawajaniita?" Nami nilifunua kitabu cha ratiba ya wiki inayofuata, nikapitisha kidole, nikamwambia, "Bado. Subiri, utaitwa." Faili lake sikulifungua hata siku moja. Faili liko rafu ya juu, linataka ngazi, na magoti yangu mimi nayajua. Naye alisema, "Haya dada, Mungu yupo," akaenda zake. Moja ya siku hizo alikitazama kiti changu, akaona sponji imekufa na nakalia ubao mtupu. Mwezi uliofuata akaja na vifaa vyake, akapiga magoti kando ya dirisha, akakivua kiti nguo yake kuukuu na kukivisha mpya. Pesa alikataa. Nilikuwa nimekalia kazi ya mkono wake nilipoona kwenye mashine kwamba shauri lake liliondolewa miezi kumi na minne iliyopita.

Katika daftari la mawakili kulikuwa na namba ya simu ya marehemu. Sijui nilitegemea nini. Nilipiga, na akapokea mama mtu mzima.

"Hii ni simu ya wakili?"

"Ilikuwa yake. Mimi ni mjane wake. Nani mwenzangu?"

Nikamwambia napiga kutoka mahakamani.

"Afadhali mmekumbuka," akasema. "Meseji zenu zinaingia humu kila wiki, mwaka wa tatu huu. Fulani afike tarehe fulani, saa tatu na nusu, chumba namba mbili. Niliwafuata huko huko, tangu mwaka wa kwanza. Nikamkuta mama mmoja dirishani, ana miwani. Hata uso hakuniinulia. Akaniambia mambo ya marehemu ni dirisha la mirathi, nisimjazie foleni."

Nilitamani kumuuliza mama huyo alivaa nguo gani, labda nipone kwa nguo. Lakini dirisha la ufilisi ni moja, na mwenye miwani ni mmoja.

"Nimeziandika zote kwenye daftari," akasema. "Nilidhani ni wateja wake wa zamani. Nikasema wenyewe watakuja kuulizia."

Kesho yake, Jumatano, Fundi akatokea asubuhi mapema, ingawa mwisho wa mwezi ulikuwa bado. Alikuwa anacheka. Mkononi alikuwa na tangazo la mnada: nyumba pamoja na karakana, Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Dada, njoo uone vituko," akasema. "Huyu dalali hajui kama mimi nina kesi. Nimemwonyesha risiti yenu yenye mhuri, eti ananicheka! Hebu nigongee mhuri mwingine hapa nikamfunge mdomo."

Risiti ile alikuwa ameitia kwenye plastiki isiharibike.

Nikamfungulia mlango wa kaunta, kitu ambacho hakiruhusiwi, nikamkalisha kwenye stuli. Nikamweleza yote. Sikuzunguka, sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimwambia habari ya kisanduku cha saba, ya Wakili Suti, ya waraka kwenye msumari, ya mjane na daftari lake. Alisikiliza mikono ikiwa magotini. Nilipomaliza akatabasamu kwa upande mmoja.

"Kwa hiyo wakili wangu ni marehemu."

"Ndiyo, kaka."

"Ndiyo maana hajanidai ada." Akatikisa kichwa. Kisha tabasamu likaisha. "Waliliondoa lini?"

"Mwaka jana, tarehe thelathini mwezi wa nne. Saa tatu na nusu asubuhi."

"Hapana. Hiyo haiwezekani."

"Imeandikwa, kaka."

"Dada, nyanyuka."

Nikanyanyuka. Akaishika miguu ya nyuma ya kiti changu, akakipindua kichwa chini juu ya meza. Chini ya kiti kulikuwa na kitambaa cheusi, na juu ya kitambaa, kwa chaki ya kushonea, kulikuwa na herufi ya jina lake na tarehe. Sikuwahi kujua kama ipo. Akanieleza, kwa upole tu, kwamba mafundi makochi wote hufanya hivyo: kazi ikitoka mkononi inatiwa tarehe tumboni, ili siku ikirudi wajue imeishi muda gani. Tarehe ilikuwa thelathini, mwezi wa nne, mwaka jana.

"Nilikuwa nimepiga magoti pale," akasema, akanionyesha sakafu kando ya dirisha. "Misumari mdomoni. Mtu akaita huko kwenye korido. Nikasikia kama jina langu. Nikatema misumari mkononi, nikakuuliza, dada, si mimi huyo?"

"Kaka, basi."

"Ukaniambia, wewe leo huna kesi. Shona."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata kikombe nilichokuwa nimeshika. Karani wa jaji aliita mara tatu, kama sheria inavyotaka, hatua thelathini kutoka mlango wetu. Halafu jaji akaandika kwamba mwombaji hakufika, na wakati huo mwombaji yuko sakafuni kwangu ananitengenezea mahali pa kukaa.

Nililia. Nililia mbele ya foleni nzima, mimi niliyezoea kuwaambia watu waende kulilia nje, hapa ni ofisini. Ningepata nafuu kama angenitukana. Yeye alikirudisha kiti chini, akakibonyeza kwa kiganja kama mafundi wafanyavyo, akaangalia kinavyoumuka. "Sponji bado nzima," akasema. Kisha akakaa kwenye stuli, akanisubiri nimwambie tufanye nini.

Msajili alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Jasho lilimtoka lakini akili ilikuwa inapiga hesabu.

"Huyo mtu wako aombe shauri lirudishwe. Aseme aliumwa. Basi."

"Hakuumwa. Alikuwa humu ndani."

"Mama, umebakiza miezi minane ustaafu. Unataka kumwaga unga ukiwa mlangoni? Na ukiandika habari za marehemu, hao wengine sabini na wanane utawafanyaje?"

"Hata wao wanapaswa kujua."

"Hao hawajauliza."

Nimefanya kazi na wasajili tisa, na wote nimewaogopa kwa kadiri yao. Huyu nilimwangalia nikaona nimechoka kuogopa. Niliandika kiapo kurasa mbili, kwa mkono wangu, kila kitu nilichofanya, nikabandika na picha ya tumbo la kiti, nikaenda kuapa kwa wakili wa jengo la jirani. Nikamwandikia Fundi ombi la kurudishiwa shauri. Nilipoliingiza kwenye mashine, kisanduku cha saba kikaniuliza namba ya wakili. Nilijaribu kila nilichokijua, na mashine ikalia kila mara. Mwisho nikaandika 0417.

Mhuri ulipatikana, lakini zuio lililokufa hufufuliwa na jaji tu, na jaji alikuwa safarini hadi Jumatatu. Nilimpigia katibu wake mara sita. Msajili akasema Jumatatu si mbali.

Jumamosi nilikwenda. Mnada ulichukua dakika kumi na moja, nilizihesabu. Mke wa Fundi alikuwa amesimama kati ya mabeseni na magodoro, ameshika saa ya ukutani kifuani. Hakunijua mimi ni nani, akanisogezea ndoo niikalie. Watoto walikuwa wamepelekwa kwa jirani wasione. Mnunuzi hakushuka hata kwenye gari, alinyoosha mkono dirishani mara tatu, ikawa yake. Dalali akachukua pia mashine ya kushonea na ile ya upepo ya kupigia pini. Jioni haijafika akaja dada yake Fundi na lori la kukodi, yule aliyeandikwa kwa herufi ndogo, akaanza kupakia vitu bila kuuliza swali lolote. Nikamsaidia kubeba masufuria. Sikujitambulisha.

Bado kulikuwa na upenyo, na ndio ulionifanya niweze kula wiki zile. Sheria inaruhusu mnada kufutwa ndani ya siku sitini, iwapo shauri la mwombaji limerudishwa. Ila shauri huombewa kurudishwa mara moja tu. Ukikosa hiyo moja, imekula kwako. Jaji aliporudi alipanga kulisikiliza ombi baada ya wiki tatu, na Jumatatu hiyo hiyo mimi nikapewa barua: nimesimamishwa kazi, nusu mshahara, na nisikanyage masjala mpaka uchunguzi uishe. Binti wa utafiti nilimkabidhi orodha yangu ya mashauri ya 0417 pale ngazini. Aliisoma akiwa amesimama, akasahau hata kuaga.

Wito wa Fundi sikuiachia mashine. Niliunakili kwa mkono kwenye karatasi safi: tarehe, saa tatu na nusu, mbele ya jaji. Nikaupeleka mwenyewe kwa dada yake. Walikuwa wamepewa chumba cha uani, sita ndani ya chumba kimoja, na Fundi alikuwa amekaa nje juu ya fremu ya kochi isiyo na sponji. Mikono yake ilikuwa haijui pa kukaa.

"Utakuja, kaka?"

"Nisije kwa nini?" Aliisoma karatasi polepole, akaikunja mara moja tu, si mara nne. "Nitakuja mapema kabisa. Safari hii hawaniruki."

"Wifi naye aje."

"Atakuja akipata nauli. Dada, na wewe usikonde hivyo. Utaanguka, halafu nani ataapa?"

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na mara ya mwisho.

Siku yenyewe nilifika saa moja na nusu. Nilikuwa nimeomba kiti changu kitolewe kama kielelezo, na mlinzi akakitoa uani. Nikakipandisha mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, maana jaji alikuwa amehamia huko, nikipumzika kila ngazi ya kumi. Nikakiweka kando ya kizimba. Kila mlango ulipofunguka niligeuka. Saa tatu ilipita. Saa tatu na robo ikapita.

Karani wa jaji akatoka kwenye korido, akaita jina lake lote. Kimya. Akaita tena. Mara ya tatu nilitoka mimi, nikasimama juu ya ngazi nikaita kwa sauti niliyokuwa nayo yote, mpaka watu wa ghorofa ya pili wakachungulia. Hakuna aliyeitika. Nilimpigia simu, ikasema haipatikani. Nilifikiria kushuka hadi chini kabisa nikaangalie. Lakini chini ndiko kuna masjala, nami nilikatazwa kuikanyaga, na mle ndani kuna watu niliofanya nao kazi miaka yote, na sikutaka wanione. Nikarudi ndani.

Jaji alisubiri dakika kumi ambazo hakulazimika kusubiri. Alikisoma kiapo changu chote. Akaomba kiti kipinduliwe, akainama, akaitazama ile chaki.

"Mama, haya uliyoandika ni mazito na nitayafikisha yanakostahili," akasema. "Lakini siwezi kumrudishia mtu shauri wakati hayupo kuliomba. Ana wakili?"

"Hana, mheshimiwa."

Akakitazama kioo chake. "Hapa inaonyesha anaye."

"Huyo ni marehemu, mheshimiwa."

Alinitazama kwa muda, si kwa ubaya. Kisha akaandika. Sikuhitaji kusoma, maneno yale nayajua kwa urefu wake.

Nilishuka na kiti. Hakuna aliyenisaidia na sikuomba. Chini, kwenye benchi la nje ya dirisha la masjala, alikuwa amekaa Fundi. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na magotini alikuwa na karatasi niliyomwandikia. Kando yake alikuwa mkewe, amevaa viatu vya kuazima. Walikuwa wamefika, kumbe, tangu saa mbili kasoro.

Nikaichukua ile karatasi mkononi mwake. Tarehe ilikuwa sawa, saa ilikuwa sawa. Chini yake, kwa mwandiko wangu mzuri, kwa mazoea ya miaka ishirini na tisa, nilikuwa nimeandika kama ninavyoandika kwenye kila wito: ripoti masjala, utaitwa.

"Dada, nilisikia kama sauti yako huko juu," Fundi akasema, akainuka kunipokea kiti. "Nikamuuliza huyu mpya wa dirishani, si mimi huyo naitwa? Akaangalia kwenye mashine. Kaniambia nina wakili, nitulie, nimsubiri wakili wangu."

Mkewe akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nikakaa.